Misa ya Siku

Jumamosi ile saa nne na nusu asubuhi Spès alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tableti mapajani, akikifuta kioo chake kwa ncha ya kitenge namna anavyofutwa mtoto uso kabla ya kupelekwa kanisani. Sebuleni Lyse, mke wa mwanawe, alikuwa akinyonyesha na kuimba kwa sauti ya chini. Jikoni maharage yalikwisha kuiva. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jina la mtoto, na jina lilikuwa humo ndani ya tableti.

Mumewe, Pierre-Claver, ndiye aliyeliweka humo. Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka uliopita, amelala kitanda hiki hiki, kifua kikipiga filimbi kila akivuta pumzi. Lyse alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kwao Burundi, walikotoka, mtoto hachukui jina la baba. Hupewa lake mwenyewe, na katika nyumba hii aliyelitoa siku zote ni babu. Mzee alijua hatafika. Akawatoa watu wote chumbani, akafunga mlango, akaongea na tableti peke yake kwa dakika mbili. Alipofungua alisema mambo mawili tu. La kwanza, mtu yeyote asisikilize kabla ya siku ya kumtoa mtoto mbele ya watu. La pili, siku hiyo ikifika, tableti yenyewe itawaambia.

"Itatuambiaje?" Spès aliuliza.

"Kama inavyoniambia saa ya dawa. Hujaisikia inavyonipigia kelele?"

Wiki tatu baadaye walimzika.

Sasa, Spès alikuwa na jambo lake ambalo hakuna mtu aliyelijua. Alikwisha sikiliza. Mchana mmoja, nyumba ikiwa tupu, alijifungia bafuni, akafungua bomba ili majirani wasisikie, akabonyeza ile picha nyekundu ya kipaza sauti. Hakuwa akitafuta jina. Alitaka sauti. Alisikiliza mara ya kwanza akalia, mara ya pili akacheka, mara ya tatu na ya nne akanyamaza tu, mpaka akayajua maneno yote pamoja na mahali mzee alipokohoa. Tangu hapo, kila Audace, mwanawe, alipotaka kuyahamishia maneno yale kwenye kompyuta ya dukani kwake, yasije yakapotea, mama alikataa. "Kuhamisha ni kufungua," alimwambia. Ukweli ni kwamba aliogopa mashine itaonyesha imesikilizwa mara ngapi.

Hata hilo angelibeba. Lililomkosesha raha ni jina lenyewe. Mzee alikuwa amempa mtoto jina la baba yake Spès: Nsengiyumva.

Na upande wa pili alikuwa Pontien, mdogo wa marehemu Pierre-Claver, mlinzi wa jengo moja kule mtaa wa Westville, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vile vile. Tangu siku za matanga alikuwa akisema, "Jina linatolewa na mtu anayepumua, mbele ya watu. Si redio." Walibishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana hivi: Jumamosi saa nane mchana, tableti ikisema, yeye atanyamaza. Isiposema, yeye ndiye mkubwa aliyebaki, atamwita mtoto Bigirimana, jina la baba yao, na maneno yatakuwa yameisha. Spès aliyapima hayo akaona alivyobanwa. Bila sauti ya mumewe, mwanamke atasimamaje mbele ya watu aseme mtoto aitwe jina la baba yangu, na nani amsadiki?

Kwa hiyo alikuwa akifuta kioo. Na kioo kikalia ting. Kikatokea kiboksi cheupe, juu yake maandishi makubwa: Mise à jour.

Spès akaisogeza karibu na macho. Shule alisoma miaka minne, akatoka na herufi zote na maneno ya Kifaransa ya kuhesabika kwa vidole. Jour aliijua. Ni siku; mwalimu aliiandika ubaoni kila asubuhi pamoja na tarehe. Neno la kwanza alilivuta polepole kama anayevuta uzi kwenye sindano. Mi-se. Mise. Misa. Misa ya siku.

"Ee Pierre-Claver," alisema taratibu.

Ilikuwa kama alivyoahidi. Siku ikifika, yenyewe itawaambia. Na mtu yule asingekubali jina litoke kavu kavu bila sala, aliyekuwa akimwamsha mke wake saa kumi na moja ya alfajiri kwa ajili ya misa ya kwanza. Chini ya maandishi palikuwa na vitufe viwili. Cha kushoto kilikuwa na maneno mawili, plus tard, asijue ni 'baadaye', hayo akayaruka. Cha kulia kilikuwa kinang'aa. Spès akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Baadaye likaja duara likizunguka, likazunguka muda mrefu, kisha maneno asiyoyajua na tarakimu alizozijua: 1 sur 112. Akangoja. Ikawa 2. Ikawa 3. Litania, alifikiri. Watakatifu mia na kumi na wawili. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, akilingana na tarakimu.

Alikuwa amefika thelathini na mmoja Audace alipoingia na kreti ya soda begani. Audace alikuwa fundi wa simu. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi ya teksi pale Isipingo, mji wa ugenini walikohamia, na leo alikifunga mapema.

"Mama, tableti iko wapi niichaji? Mgao wa umeme leo unaanza saa sita kamili."

"Isubiri. Inasali."

"Inafanya nini?"

"Imeanza misa. Baba yako aliipanga. Iko thelathini na moja."

Audace alitua kreti vibaya, chupa zikagongana. Akaichukua tableti mikononi mwa mama yake, akasoma, akakaa kitandani.

"Mama. Umebonyeza nini?"

"Iliandika misa ya siku. Nikabonyeza."

"Mise à jour," Audace alisema. Alitaka kucheka, uso ukakataa. "Mise, mama, si misa. Ni apdeti. Na si apdeti ndogo, ni ile kubwa iliyotoka juzi, inabadilisha mfumo mzima. Ni kama nyumba inabomolewa na kujengwa upya chumba kwa chumba, watu wamelala ndani."

"Na watu wanaamka?"

"Wengi wanaamka."

"Wengi."

"Wiki hii nimeletewa kumi. Nane zimeamka na vitu vyake vyote. Mbili zimeamka kama zimetoka kiwandani leo, hazina hata picha moja." Alikuwa tayari ameshika waya, anatafuta tundu la ukutani. "Ubaya si apdeti, mama. Ubaya ni kuzimika katikati. Na hii ni mzee, betri yake inaishi kwa waya. Iko asilimia ishirini na sita. Sasa hivi ni saa tano na dakika thelathini na tano."

"Irudishe basi. Iambie iache."

"Haiachi."

Lyse alichungulia mlangoni, mtoto begani. "Kuna nini humu?"

"Mama amemfungulia baba misa," Audace alisema.

Lyse akacheka. Halafu akawatazama nyuso zao wote wawili, akaacha.

Walikaa watatu mbele ya kitu kile kama watu wanaomkesha mgonjwa. Tarakimu zilikuwa na tabia yake. Zingine zilipita mbio, arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili. Halafu ikafika moja ikakwama, dakika nne nzima. Saa sita kasoro dakika moja ilikuwa hamsini na nane, na betri thelathini na moja. Friji ya jikoni ikatetema mara moja, ikanyamaza. Redio ya jirani ikakatika katikati ya neno.

"Eish," alisema Audace. "Hawa watu hawachelewi kwa kukata. Wanachelewa kwa kurudisha tu. Saa nane na nusu."

"Na watu wanakuja saa nane," alisema Lyse.

Audace akauchomoa waya ukutani.

Hapo ndipo Spès alipotamani kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa: mwanangu, ninalijua jina, tulia. Lakini akaona mbele yake. Audace angemsadiki. Lyse pia. Pontien je? Angesema, shemeji, mlikatazwa wote kusikiliza, sasa wewe umesikiliza lini? Na kama ulivunja neno la mume wako, kwa nini tuamini neno lako? Na jina gani hilo, mbona limeangukia kwenu? Akameza.

Saa saba kamili ilikuwa sabini na tisa, betri kumi na nne. Watu wa kwaya ya Kirundi walianza kuingia na viti vyao vya plastiki. Kisha gari jeupe la Pontien likasimama chini ya dirisha, naye akapanda ngazi, shati la bluu, kalamu mfukoni.

Audace alimfuata mlangoni. "Baba mdogo, naomba ufunguo wa gari."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi. Nataka kuchaji tableti kwenye gari. Umeme hakuna."

Pontien akageuka kwa watu wa kwaya. "Mmemsikia? Kaka yangu siku hizi anakunywa petroli."

Wakacheka. Hata hivyo ufunguo akautoa. Hakuwa mtu mbaya.

Spès alikataa kubaki juu. Alikaa kiti cha mbele, tableti mapajani, waya mwembamba umechomekwa pale pa kuwashia sigara, injini ikinguruma bila kwenda popote. Joto la mwezi wa tatu lilikuwa limejaa humo ndani kama mvuke wa sufuria. Waya ulikuwa wa simu. Haukutosha. Betri iliendelea kushuka, ila kwa kusitasita: tisa, nane, nane, saba. Audace alisimama nje akiutazama kana kwamba angeweza kuusukuma kwa macho. Kwaya ilianza kuimba juu.

Tisini na moja. Tisini na mbili.

Pontien alishuka, akamwambia Audace aende kupanga soda. Akaegemea dirisha la gari.

"Shemeji, kama humo hamna kitu, niambie mimi. Nitasema umeme umeharibu. Hakuna atakayekucheka."

"Kuna kitu."

"Umejuaje? Si tuliambiwa mtu asisikilize?"

Spès hakuinua macho. Jasho lilimtiririka mgongoni. "Mume wangu hakuwa mtu wa kufunga mlango dakika mbili aongee na hewa."

Pontien akajipangusa jasho. "Mimi namtaka kaka yangu kama wewe unavyomtaka," alisema. "Lakini baba yetu hakuacha kaburi la kwenda kuliona. Aliacha jina. Likilala tena kizazi kimoja, limekwisha." Akapanda ngazi.

Maneno hayo yalimwingia Spès kuliko matusi. Alitazama tarakimu. Mia moja. Betri tatu. Mia na mbili. Betri mbili. Mia na nne, ikakaa. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili sasa, kama mtu anayeshika maji. Betri moja.

Kioo kikazimika. Akaona ndani yake uso wake mwenyewe, kilemba kimekwenda upande.

Saa nane kamili walikuwa wamejaa sebuleni, wengine wamesimama jikoni. Mtoto alikuwa kwenye mkeka mpya, amefumbata vidole. Audace aliiweka tableti juu ya meza, nyeusi kama kipande cha kigae, akasema kwa kifupi kwamba imezimika katikati ya apdeti, na kwamba hajui kama itaamka na vitu vyake. Mtu mmoja nyuma akasema pole. Pontien akasimama, akavuta shati lake mbele.

"Bon," alisema. "Tulikubaliana. Saa imefika, na kitu hakikusema. Mimi kwa niaba ya ukoo..."

"Nilisikiliza," alisema Spès.

Aliketi chini karibu na mkeka, na hakuinuka. Audace akageuza kichwa.

"Nilisikiliza mwezi wa kumi na mbili. Bafuni. Alinikataza, na nikavunja. Hilo ni langu na yeye. Lakini maneno ninayo."

Pontien hakukasirika. Alitabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilikuwa baya zaidi.

"Haya, shemeji. Tuambie. Alisema nini?"

Spès alifumba macho, akayasema kama yalivyokuwa, polepole, na kila mzee alipokohoa naye akakohoa, si kwa mchezo, ila kwa sababu hakuyajua maneno yale kwa namna nyingine.

"'Ni mimi Pierre-Claver, niko Isipingo, nina akili zangu zote.' Akakohoa. 'Mjukuu wangu, sikukungoja, usinikasirikie. Uwe wa kiume, uwe wa kike, jina lako ni Nsengiyumva, yaani namwomba Yule anayesikia. Ni jina la baba mkwe wangu.'"

Manung'uniko yakapita chumbani. Pontien akafungua mikono yake kwa watu, bila neno, kama anayewaonyesha kitu walichokuwa wamekwisha kukiona wenyewe. Spès hakufumbua macho.

"Akakohoa mara mbili. 'Pontien atabisha. Pontien, kabla hujabisha, kumbuka kikapu cha mtama. Na ukiendelea kubisha, nitawaambia watu kilichokuwa kinavuja.' Basi. Ndivyo alivyosema."

Haikuwa yote. Yalibaki maneno machache ya mwisho, ambayo Spès aliyaona si ya watu.

Alipofumbua macho, Pontien alikuwa amekaa. Hakuna aliyemwona akikaa. Mikono ilikuwa imelala juu ya magoti yake.

"Kikapu cha nini?" aliuliza.

"Cha mtama."

"Hakusema cha maharage?"

"Mtama, shemeji. Akasema kilichokuwa kinavuja."

"Alikuambia lini habari hiyo?"

"Hakuniambia hata siku moja. Nimeisikia humo tu. Mpaka leo sijaielewa."

Pontien alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Alipoanza kusema, alimsemesha mtoto pale kwenye mkeka.

"Mwaka ule wa sabini na mbili nilikuwa na miaka minne. Baba yetu walikuwa wamemchukua. Mzee mmoja, jirani, alikuwa amekwisha kumvusha mkewe na binti yake kwenda Tanzania. Akarudi kutuchukua sisi, watoto wasio wake. Mimi aliniweka ndani ya kikapu, akanifunika kwa mtama, akanibeba kichwani. Kaka yangu, yaani babu yako, alitembea nyuma na jembe. Karibu na mto Malagarasi askari wakatusimamisha. Mmoja akauliza, mzee, mbona kikapu chako kinavuja? Akamwambia, mtama umenyeshewa na mvua."

Akainua macho kwa watu.

"Kulikuwa na jua," alisema Pontien. "Wiki tatu nzima, jua."

Colette wa kwaya ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni, kisha wote, na Pontien mwenyewe akacheka huku anajifuta macho kwa kifundo cha mkono. Spès hakucheka. Alikuwa akimwona baba yake, mtu mfupi wa maneno machache, anatembea juani, na maji ya mtoto yanamtiririka shingoni, na hageuki. Hakuwahi kuwasimulia.

"Kaka aliniapia hatamwambia mtu," alisema Pontien. "Miaka arobaini na mitatu. Hata wewe, mke wake, hakukuambia." Akapiga magoti kwenye mkeka, akamwinua mtoto kwa namna ya mtu asiyezoea. "Bigirimana atangoja anayefuata. Audace, bado una nguvu. Huyu ni Nsengiyumva."

Kwaya ikapiga vigelegele. Mtoto akalia.

Saa nane na nusu, bila kuchelewa hata kidogo siku hiyo, friji ilitetema na redio ya jirani ikamalizia muziki wa mtu mwingine. Audace aliruka na waya. Walikuwa wanakula ilipowaka: duara, kisha 105, 106, na hatimaye 112. Kioo kikafunguka na rangi mpya, picha zote zimekuwa bapa na za mviringo, hata saa imehama mahali pake. Kile kipaza sauti chekundu hakikuwapo. Audace alitafuta, kidole kikipapasa juu na chini, watu wakamzunguka na sahani zao.

"Iko," alisema. "Wameibadilisha picha tu. Iko, mwezi wa kumi, dakika mbili na sekunde nane."

"Iweke," alisema Pontien. "Nataka nimsikie akikohoa."

Spès akainuka, akashika kitenge chake. "Naenda kuangalia maharage."

"Mama, maharage si tunakula?" alisema Lyse.

Lakini alikuwa amekwisha kufika jikoni. Alisimama kwenye jiko, mgongo kwa mlango, akasikia sauti ikijaza nyumba, ni mimi Pierre-Claver, niko Isipingo. Akasikia kikohozi mahali pake. Akasikia jina, na kikapu, na watu wakicheka tena kama hawajawahi kukisikia. Halafu ukimya kidogo, ule aliokuwa anaujua, na mzee akamalizia:

"Na wewe Spès, najua umekwisha kusikiliza. Nahisi hata arobaini yangu haijafika. Usijali. Nilikuoa nikijua."

Kicheko kikapasuka sebuleni, cha Pontien kikiwa juu ya vyote. Spès akatia mwiko kwenye sufuria tupu, akakwangua chini palipobaki ukoko kidogo, na huku nyuma akasikia shemeji yake akimwambia Audace airudishe, aianze tena mwanzo.